Mkutano wa wazazi msimu wa karafuu

Mwishoni mwa mwaka 2014 nilikuwa nasomesha skuli ya msingi katika Wilaya ya Wete, Pemba, upande wa mashariki, ambako ukisimama pwani ya Kangagani unaiona Kojani ng'ambo ya pili. Nyuma yetu mikarafuu, mbele yetu bahari. Tulikuwa na watoto wa wakulima na watoto wa wavuvi, na kila mwaka ilikuwa hivyo hivyo: karafuu zikiwiva wanapungua hawa, kaskazi ikianza kuvuma wanapungua wale.

Mikutano ya wazazi ya kupanga mwaka niliyoikuta pale ilikuwa na mtindo wake. Dua inasomwa, mwalimu mkuu anasoma matumizi, mchango unatajwa, wanaume wawili watatu wanalalamika, wanawake waliokaa nyuma kwenye majamvi hawasemi kitu, adhuhuri inaadhiniwa, watu wanatawanyika. Mpango wenyewe unakuwa umeshaandikwa ofisini zamani. Wazazi wanaitwa kuja kuusikia tu.

Mwaka ule mwalimu mkuu wetu, mama mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu, alisema mkutano wa namna ile haitishi tena. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya skuli, basi akaniita, tukakusanya kalenda kuukuu za ukutani, tukazigeuza mgongo na kuzigandisha kwa gundi mpaka ikapatikana karatasi moja ya kufunika ubao mzima. Juu nikaandika miezi ya 2015, Januari mpaka Disemba. Chini tukaacha patupu.

Siku nayo aliichagua kwa makini: Ijumaa baada ya alasiri. Chuo cha Qur'ani kimepumzika, wachumaji wengi wako nyumbani, wavuvi hawakutoka. Wazee aliowataka hasa hakuwapelekea barua. Aliwafuata mwenyewe majumbani mwao, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale mtaani, ustadhi wa chuo, nahodha mmoja anayepeleka watu dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, na baadhi ya akina mama ambao kamati haikuwahi kuwauliza kitu.

"Wazee wangu, mama zangu," alianza, "leo sikukuiteni nikutajieni pesa. Nataka mnambie, kila mwezi ukifika, watoto wenu huwa wapi?"

Watu walitazamana. Akafungua daftari la mahudhurio la darasa la tano, akalinyanyua juu na kulizungusha taratibu ili kila mtu aone. Kurasa za Septemba na Oktoba zilikuwa zimejaa sifuri nyekundu, majina mengine yana mstari mzima wa sifuri bila hata alama moja ya kuhudhuria.

Aliyejibu kwanza alitoka nyuma, kwenye majamvi. Alikuwa mjane, kazi yake kuchambua karafuu za watu kwa ujira. "Mwalimu," alisema, "hizo sifuri mie nazijua. Hizo ndizo viatu vya skuli." Akaeleza bila kupandisha sauti. Yeye usiku anachambua, mchana watoto wake wanaokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini ya mikarafuu, na kinachopatikana hapo ndicho kinachonunua sare, daftari na kandambili. Miaka ile ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ikinunua kilo ya karafuu kavu kwa shilingi 14,000, na katika nyumba isiyo na mkarafuu hata mmoja, msimu ndio wakati pekee pesa inapopita karibu. Mtoto asipookota Septemba, Januari anakuja skuli na nini?

Nilikuwa nimeshika kalamu na sikuandika kitu. Tulikuwa tumezoea kusema ofisini kwamba wazazi wa pale hawajali elimu. Mama huyu alikuwa anamtoa mtoto skuli ili aweze kumrudisha.

Baada yake maneno yalifunguka. Mwenye shamba mmoja akasema wachumaji wadogo huletwa na wazazi wao, yeye hawaiti. Mwengine akamjibu kwamba unawaita, tena unawapandisha mtini asubuhi na mapema. Sheha akawatuliza. Likachukua muda, lakini mwisho likatoka jambo ambalo sisi walimu peke yetu tusingeliweza kulifikiria. Skuli yetu ilikuwa na mikondo miwili, asubuhi na mchana, na madarasa ya juu yalikuwa yakiingia mchana. Wazazi wakaomba yabadilishwe wakati wa msimu: wakubwa waingie asubuhi, wakitoka waende mashambani, na wenye mashamba wasimpokee mtoto wa skuli kabla ya adhuhuri. Sheha akasema hilo la wenye mashamba mwachieni yeye. Nikaandika chini ya Agosti mpaka Novemba.

Kisha akasimama nahodha. Huyu hahesabu kwa Januari. Mwaka wake unaanzia Nairuzi, mwezi wa Julai, na anauhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, kama walivyohesabu babu zake. Aliitazama karatasi yetu, akasema mnapofungua skuli Januari ndio kaskazi imekaa vizuri, na yeye yuko dago pwani ya Tanga au Kenya. Vijana wadogo anaokwenda nao wanateka maji, wanapika, wanaanika samaki. Baba akiwa chomboni na mama yuko pamoja naye kambini, mtoto abaki na nani?

"Abaki na bibi yake, mzee wangu," mwalimu mkuu alimwambia. "Au abaki na mimi."

Hakuwa anatania. Nahodha aliinamisha kichwa, akafikiri, akasema watoto wa mtihani hatawachukua, lakini wadogo zao hawezi kuahidi. Mwalimu mkuu akaipokea nusu hiyo na kunambia niandike kama ilivyosemwa, nisiongeze neno. Wakakubaliana pia kwamba anayeondoka na mtoto aje kwanza kumuaga mwalimu, na mtoto apewe madaftari na kazi ya kufanya huko kambini. Juu ya Juni na Julai nikaandika Ramadhani, na juu ya Oktoba uchaguzi, kwa sababu madarasa yetu yalikuwa yakigeuzwa vituo vya kupigia kura.

Jambo la vyoo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko yote. Kamati ilikuwa imeshaamua kuwa kazi kubwa ya 2015 ni madawati. Bibi mmoja mkunga, ambaye nusu ya watoto wa skuli ile walizaliwa mikononi mwake, aliomba ruhusa na kusema madawati mazuri, lakini binti akishakua hakai skuli siku zote za mwezi, na hakai kwa sababu choo hakina mlango wala maji. Alisema hivyo tu, kwa heshima zote, macho yake yakiwa chini. Wanaume wakatazama miguu yao. Mwalimu mkuu akalifunua tena lile daftari, safari hii akiwa amelishika karibu na kifua, akanionesha mimi peke yangu majina ya wasichana wa madarasa ya juu. Sifuri zao zilikuwa fupi fupi, tatu, nne, zinarudi kila mwezi. Nilikuwa nimezitia mwenyewe kwa mkono wangu na hakuna aliyewahi kunambia maana yake.

Fundi mmoja akasema kama mawe yatapatikana yeye atajenga bila ujira. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, ukapangwa hapo hapo, wanaume kuvunja na kubeba mawe, wanawake maji na mchanga, pesa za kamati zinunue saruji na milango. Madawati yakasogezwa mbele.

Vyoo vilikwisha kabla ya masika. Zamu ya asubuhi ilishika msimu mzima wa karafuu, ijapokuwa sheha alilazimika kwenda shambani kwa mtu zaidi ya mara moja. Nahodha alitimiza neno lake kwa watoto wa mtihani. Wadogo walikwenda dago kama kawaida. Baadhi waliaga, baadhi hawakuaga. Mwaka huo huo serikali ikaondosha michango ya wazazi katika skuli za msingi, na baadhi ya walimu wenzangu wakasema basi sasa hakuna haja ya kuwaita wazazi. Mimi sikukubaliana nao, na mpaka leo sikubaliani. Yale tuliyoyapata Ijumaa ile hayakuwa pesa.

Katika mkutano ule lilibaki jambo moja, la Jumamosi. Mwalimu mkuu alitaka watoto wa mtihani waje skuli Jumamosi asubuhi kwa masomo ya ziada. Ustadhi akakataa. Chuo chake kinapumzika Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi ndiyo siku ya kudurusu wiki nzima, na hatoi hata saa moja. Wakajadiliana mpaka jua likawa linazama, kwa adabu, "mama yangu" na "sheikh wangu", na hakuna aliyesogea. Wazazi nao waligawika. Adhana ya magharibi ilipokaribia ustadhi aliniuliza mimi, katibu, kama nimeandika kwamba yeye hakukubali. Nikamwambia nimeandika. Akaomba nimsomee. Nikamsomea, akatikisa kichwa kuridhika, na mwalimu mkuu akasema suala hilo liwe la kwanza mkutano ujao.