Stockholm, kwenye kitabu chenye picha ya Shetani

Nilianzia Gamla stan, mji mkongwe wa Stockholm, kwa kuwa nilitaka kupaona kwanza mahali ambapo Codex Gigas, kitabu kikubwa mno cha kale kilichoandikwa kwa mkono, kiliponea chupuchupu. Kasri la kifalme la sasa limesimama palepale lilipokuwa kasri la Tre Kronor, lililoteketea mwaka 1697, na inasimuliwa kwamba kitabu hicho chenye uzito wa kilo 75 kilitupwa dirishani ili kisiungue. Wakati huo kilikuwa ugenini tayari, maana askari wa Sweden walikipora mjini Prague mwaka 1648.

Kutoka hapo nilitembea hadi bustani ya Humlegården, ilipo Maktaba ya Taifa. Ndani ya kioo, katika mwanga hafifu, kurasa mbili za ngozi zinatazamana. Kushoto umechorwa mji wa mbinguni, majumba na minara iliyopangwa safu juu ya safu, bila mtu hata mmoja. Kulia yupo Shetani peke yake, kimo chake karibu nusu mita, amechuchumaa na kuinua mikono. Uso wake ni wa kijani, pembe zake nyekundu, ndimi zake mbili. Kila mkono na kila mguu una vidole vinne tu vyenye makucha, na kiunoni amejifunga manyoya ya aina waliyovaa wafalme. Ngozi ya sehemu hiyo imegeuka rangi na kuwa nyeusi kwa kupigwa na mwanga, kwa sababu kwa karne nyingi wageni wameomba kuonyeshwa ukurasa huohuo.

Husimuliwa kwamba mtawa aliyehukumiwa kuzikwa hai ukutani alikiandika kwa usiku mmoja kwa msaada wa Shetani. Naona simulizi hiyo inamdhulumu mwandishi. Kitabu kiliandikwa Bohemia, eneo ambalo leo limo katika Jamhuri ya Czech, mwanzoni mwa karne ya 13, kwa mkono mmoja usiobadilika, kazi ambayo wataalamu wanaikadiria kuwa ya miaka 20 au zaidi, na karibu nusu yake ni Biblia. Zaidi ya hayo, mpangilio wenyewe unaikanusha: kwanza huja toba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kisha mbingu, kisha Shetani, na mara baada yake zinguo za kuondoa maradhi na za kumfichua mwizi. Mtu aliyepanga kurasa hivyo alikuwa akimkinga msomaji wake.