Siku moja maishani mwangu: chungu cha maua kinalisha kikombe

Saa 11:15 alfajiri

Iringa mwezi wa sita haina utani. Huku Kihesa upepo unapita hadi ndani ya koti, na mtu mwenye akili yuko chini ya blanketi. Lakini leo ni siku ya kuchoma vyombo vya udongo, na tanuri langu la matofali halianzi na moto mkubwa. Linaanza na vijiti vichache vinavyofuka mlangoni, vya kutia joto tu. Vyombo vilivyomo ndani ukivigusa utasema vimekauka, kumbe katikati ya ukuta wake bado kuna maji. Ukikimbiza moto, maji hayo yanageuka mvuke kabla ya kupata pa kutokea, halafu unasikia "pah!" Na chombo kikipasuka hakifi peke yake, vipande vyake vinawaharibu na wenzake waliopangwa jirani.

Kipimo changu ni kipande cha kioo cha kujitazamia. Nakishika juu ya tundu la moshi kwa sekunde chache. Kikipata ukungu, maji bado yapo, nami naendelea kubembeleza moto. Leo kina ukungu wa kutosha kuandika jina.

Saa 12:30

Chai ya rangi na kiazi kitamu. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na kikombe changu kimepinda mdomo hadi chai inabidi niinywee upande mmoja. Vizuri vyote vinauzwa.

Dogo anafika. Ni kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne, nafanya naye kazi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kazini au umekuja kuota moto?"

"Vyote viwili."

Bibi wa nyumba ya pili anapita na ndoo yake. "Kamwene, fundi."

"Kamwene bibi, shikamoo."

"Marahaba. Bado tu unachezea tope?"

Ananiuliza hivyo kila asubuhi, na yeye ndiye mteja wangu mkali kuliko wote. Chungu chake cha maharage nilikifinyanga mimi, na mfuniko usipokaa sawasawa anaurudisha mchana huohuo.

Saa 2:00 asubuhi

Sasa udongo, na hapa sitakwenda haraka, kwa sababu wengi wanadhani kazi yangu ni ile ya kuzungusha gurudumu wanayoiona kwenye video. Kuzungusha ni starehe. Kazi yenyewe iko kwenye pipa.

Udongo unatoka mabondeni upande wa Kalenga, kwa jamaa wanaofyatua matofali. Wao wanapenda wa juu, wenye mchanga. Mimi nawaomba ule wa chini, wa kijivu, unaong'ang'ania jembe. Unakuja kwa kirikuu ukiwa kwenye viroba. Nauloweka kwenye pipa, naukoroga hadi uwe uji, kisha naupitisha kwenye wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Mizizi inabaki, mawe yanabaki, na adui yangu mkubwa naye anabaki: kipunje cha chokaa. Hicho kikiponyoka kikaingia kwenye chombo, kinaungua humo na kutulia kimya. Mteja ananunua, anafurahi, anakwenda zake. Baada ya siku kadhaa kipunje kinavuta unyevu wa hewa, kinavimba, kinang'oa kipande cha ukuta. Mteja hajui habari za chokaa. Anajua tu kwamba fundi wa Kihesa amemuuzia kikombe kibovu.

Uji uliochujwa namwaga juu ya shuka kuukuu lililotandazwa kwenye matofali makavu, unanyonywa maji polepole hadi uwe kama unga wa chapati uliokandwa. Halafu nachanganya vigae. Vyombo vyote vilivyovunjika hapa havitupwi, dogo anavitwanga kwenye kinu cha zamani cha mama, tunachekecha na kuurudisha unga wake kwenye udongo mpya. Udongo wenye vigae hausinyai sana, haupasuki ovyo, na unastahimili kukalishwa mafigani. Kwa vyungu vya kupikia naweka vingi, kwa vikombe kidogo sana, la sivyo mdomo wa mnywaji utakwaruzwa. Wakati wa kutwanga tunavaa barakoa na kumwagia maji kidogo, maana vumbi hili likizoea mapafu halitoki tena.

Kukanda nakanda mwenyewe. Kiputo cha hewa kikibaki, gurudumu litakuumbua.

Saa 3:30

Kioo hakipati ukungu tena. Namwachia dogo moto, kwa masharti: kijiti kimoja kwa kimoja, asijaribu ujuzi. Mimi na bajaji iliyojaa vyungu vya maua vilivyofungwa na majani makavu tunashuka Ipogolo kwa mama anayeuza miche kandokando ya barabara kuu.

"Mwanangu, ndoo ya plastiki mimi naipata kwa elfu mbili. Wewe unanidai elfu nne kwa tope."

"Mama, plastiki inahifadhi maji chini, mizizi inaoza. Hiki kinapumua, maji ya ziada yanatoka kwenye kuta."

"Mizizi yangu haijawahi kuja kwangu kulalamika."

Amechukua vyote. Huwa anavichukua vyote, ila lazima kwanza tugombane, vinginevyo ataona amepunjwa.

Mjini nimepita haraka dukani kwa dada anayeuza vikapu vya milulu, vile vya Iringa vinavyojulikana nchi nzima. Ananiwekea vikombe na mabakuli kwenye rafu moja, na anakata asilimia yake kikiuzwa. Wateja wake wengi ni wageni wanaokwenda au kutoka hifadhi ya Ruaha. Watu wa hapa nao wameanza kuelewa kwamba kikombe kilichofinyangwa kwa mkono kina bei yake, na katika hilo napenda kusema ukweli: Neema Crafts, waliokuwepo hapa mjini tangu 2003 na mafundi wao wenye ulemavu, walitufungulia njia. Walizoesha macho ya watu. Sisi tuliokuja nyuma hatukulazimika kueleza kila kitu upya.

Saa 5:30

Gurudumu langu ni la kupiga kwa mguu. Fundi wa kuchomelea alilitengeneza kwa habu ya gari, chini akaweka chuma kizito cha mviringo, na likishapata mwendo linakwenda lenyewe. Umeme ukikatika mtaa mzima, mimi sina habari.

Leo ni vikombe vya mgahawa mmoja wa mjini. Kila donge linapita kwanza kwenye mizani ya jikoni, maana vikombe vya oda vinatakiwa vifanane kama ndugu. Udongo wangu unasinya karibu sehemu moja ya kumi kutoka ubichi hadi kuchomwa: kikombe cha sentimita 10 kwa kimo kitatoka tanurini kikiwa na kama 9. Kwa hiyo nafinyanga kikubwa kuliko alichoagiza mtu. Mteja akija katikati ya kazi lazima ashtuke, "Mbona vikubwa hivi?" Namwambia ngoja.

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na gurudumu. Yeye ni wa Ikombe, Mkisi wa Ziwa Nyasa, na huko ufinyanzi ni kazi ya wanawake, tena wanayoiheshimu. Alikalisha udongo juu ya kigae kipana, akakizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukipandisha ukuta, na chungu kilitoka chembamba kiasi kwamba nikikigonga kwa kucha kililia. Vyungu vilipandishwa mtumbwini hadi soko la Lusungo karibu na Matema, na kutoka hapo vilifika mbali kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kufika. Nilipoanza kushika udongo, wajomba walicheka. Bibi hakucheka, alinipa udongo mwingine. Mpaka leo watu wakiniona na bidhaa wananiuliza kama nimetumwa na mke wangu. Mke sina.

Mikono ya vikombe ndiyo inayonitesa msimu huu. Huu upepo wa baridi ni mkavu, unakausha mkono kabla ya mwili, na pale vinapoungana panatokea ufa mwembamba kama unywele. Dawa ni kuvifunika vyote pamoja vikauke kwa mwendo mmoja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, nailoni ya godoro jipya kwangu ni mali. Jirani yeyote akinunua godoro, napiga hodi.

Saa 7:30 mchana

Ugali, maharage, majani ya maboga. Nimekula nimesimama.

Saa 8:00

Sasa moto umekuwa moto. Tunatumia mabanzi ya msonobari yanayoletwa kutoka kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga, masalia ya msitu wa Sao Hill ambayo vinginevyo yangeoza. Msonobari mkavu unatoa ulimi mrefu wa moto, na ulimi ndio ninaoutaka, ili upande kati ya vyombo hadi juu. Makaa yangenipa joto la chini tu.

Kuna mahali pa kuogopa njiani. Karibu na nyuzi 573, chembe za kwatzi, yale madini magumu ya mchanga, zilizomo kwenye udongo zinatanuka kwa ghafla, na wakati wa kupoa zinarudi tena kwa ghafla ileile. Ukipita hapo kwa pupa, chombo kinapata ufa. Kipimajoto cha tanuri sina. Nina rangi: wekundu wa giza ukianza kuonekana kwenye tundu la kuchungulia, hapo nimeshavuka, naweza kuongeza kuni. Nikiona rangi ya chungwa, nakaribia mwisho.

Mama mwenye nyumba anatoka uani. "Baba, nguo zangu!"

"Samahani mama, nilikuambia jana ni siku ya kuchoma."

"Uliniambia. Jua nalo je, uliliambia?"

Tumeanua nguo pamoja.

Dogo akiwa mdomoni mwa tanuri, mimi nachovya kwenye gilezi vikombe vya mchomo uliopita, ili vichomwe mara ya pili wiki ijayo. Gilezi ndiyo ile ngozi ya kioo inayofanya kikombe kisinyonye chai, na ya kununua kutoka nje bei yake inakatisha tamaa. Ya kwangu ni chupa zilizosagwa hadi kuwa unga, kaolini (udongo mweupe) ya Pugu, na boraksi. Boraksi naipata kwa watu wa dhahabu wa Chunya, maana wao wanaitumia kuyeyushia dhahabu. Kasoro yake ni kwamba inayeyuka kwenye maji, ukiiacha ndooni inajigandia chini, hivyo nachanganya ya siku hiyo tu. Kuna anayeniambia nitie risasi ya betri, inang'aa haraka. Inang'aa kweli, na ndimu au maziwa mgando vinaichota hadi tumboni mwa mtu. Sitii.

Saa 10:45 jioni

Ndani kuna rangi ya chungwa safi. Kwa nondo navuta pete ya udongo niliyoiweka nyuma ya tofali la mlangoni, naiacha ipoe, naigonga. Inalia vizuri. Nairudia kwa kuitia maji: haimeng'enyuki. Tunalisha moto mara ya mwisho, tunaziba mlango kwa matofali na tope, tunafunika tundu la juu. Kuanzia sasa hakuna kufungua hadi kesho alasiri, hata aje nani. Dogo anataka kuchungulia. Namtuma akachote maji.

Saa 2:00 usiku

Daftari. Hapa ndipo mapenzi ya udongo yalipogeuka kuwa kazi.

Kikombe nauza elfu tisa. Watu wanaona elfu tisa, hawaoni kwamba kimechomwa mara mbili, kina gilezi, kina mkono, na kwamba katika kila kumi nahesabu nane tu. Viwili vitakufa mahali fulani, kwa ufa au kwa gilezi iliyotiririka hadi ikagandisha kikombe kwenye rafu ya tanuri. Gharama ya kumi naigawa kwa nane. Zamani niligawa kwa kumi, kama kila anayeanza, nikawa nashangaa pesa inakwenda wapi.

Chungu cha maua, elfu nne, sikipendi. Ni umbo lilelile asubuhi na jioni. Lakini kinachomwa mara moja, hakina gilezi, kwa dakika chache kimeisha, na kikivunjika mdomo kidogo mama wa miche anapanda mmea unaoning'inia na kuuficha. Kodi ya hii nyumba inalipwa na vyungu vya maua. Posho ya dogo, vyungu vya maua. Vikombe vinanipa jina na vyungu vinanipa muda wa kufinyanga vikombe, na kijana anayeniuliza aanzie wapi namwambia atafute kwanza chungu chake cha maua ni kipi.

Tuna kikundi pia, tumeomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo vijana wana 4, wanawake 4 na watu wenye ulemavu 2. Hauna riba. Ukitoka, tunajenga tanuri kubwa. Usipotoka, kuna Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ndiyo maana mwezi huu nachoma kila nikijaza tanuri.

Simu inalia. Ni bwana harusi mtarajiwa, kaona picha kwenye status.

"Kaka, nataka vikombe mia moja vya zawadi, vyenye majina yetu. Jumamosi ijayo."

Naandika: "Hongera sana. Kukauka, kuchoma mara mbili, na hii baridi, nipe wiki tano. Nusu ya malipo mbele."

"Duh. Na bei je, hupunguzi?"

"Kwa mia moja, elfu nane na nusu."

Kimya kirefu. Halafu: "Hivyo vyungu vya maua nilivyoviona pembeni ya picha, ni shilingi ngapi?"