Meno yetu ya Arumeru mbele ya daktari wa Birmingham

Sisi tuliokulia Arumeru, Tanzania, ukikaa tu kwenye kiti cha daktari wa meno huku Birmingham, Uingereza, unaulizwa kama unavuta sigara. Kisha chai, kisha kahawa. Maji uliyokunywa utotoni hakuna anayeyauliza. Binti aliyenisafisha mimi alisugua mpaka fizi zikawasha, na ile kahawia kwenye meno ya mbele ikabaki palepale.

Ingetokaje? Chemchemi na visima vingi vya miteremko ya Mlima Meru vina madini ya floraidi kupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), miligramu 1.5 kwa lita. Magadi tunayolainishia makande nayo yanaongeza yake. Ikizidi wakati jino la mtoto bado linaumbika ndani ya fizi, tabaka la nje linatoka na kasoro, na ukubwani mswaki hauna la kufanya. Ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Sasa kituko: Birmingham wanaongeza floraidi kwenye maji ya bomba tangu 1964, miligramu 1 kwa lita, ili meno yasioze. Shangazi yangu wa Handsworth, mtaa wa hapa Birmingham, alipolisikia hilo, wajukuu wakaanza kununuliwa dawa ya meno isiyo na floraidi, tena ya bei mbaya.

“Shangazi, shida ni kipimo.”

“Utaniambia nini wewe, na meno hayo?”

Nikamwomba awapeleke tu kwa daktari, maana kwenye NHS, huduma ya afya ya serikali huku, watoto hawalipi. Akaambiwa atumie dawa ya kawaida, yenye floraidi. Mwenye miaka 3 hadi 6 apewe kiasi cha punje ya njegere, ateme, asisukutue kwa maji. Dawa amebadilisha. Kutosukutua amekataa katakata, anasema huo ni uchafu wa Kizungu.

Wanaonisikitisha ni wale wa aibu. Namjua mtu mzima anayecheka kafunika mdomo kwa kiganja. Fizi zinamtoka damu, na kliniki haendi asije akaonekana mchafu. Wengine wanasugua kwa ndimu na majivu, wanalimaliza hata hilo tabaka lililobaki. Jamani, nendeni. Semeni mapema kwamba mmekulia Tanzania kwenye maji ya floraidi nyingi. Kiingereza kikigoma, ombeni mkalimani mnapopiga simu kuweka miadi. Si nyinyi mnaomlipa.

Kufunika madoa kwa ajili ya urembo tu, NHS hawagharamii. Mimi nimeulizia kliniki mbili za binafsi na bei zimepishana vibaya, kwa hiyo dai bei kwa maandishi. Mume wangu anasema hela hiyo ingemnunulia mama tangi la kuvunia maji ya mvua kule kwetu Maji ya Chai, Arumeru, wajukuu wa nyumbani wanywe humo. Naona atashinda.