Nilivyoanza mbio ndefu za farasi hapa Oman

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu uhasibu mjini Muscat. Farasi nilikuwa nawaona kwa mbali tu, mpaka jamaa mmoja wa kazini aliponipeleka zizini kwa mjomba wake kule Barka. Mzee mwenyewe kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Namwita Ami.

Nilidhani nitapandishwa siku hiyohiyo. Wapi! Ami alinipa stetoskopu. "Mwanangu, jua kusikiliza kwanza, kupanda kutakuja." Unaiweka ubavuni kushoto, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele. Kila pigo la moyo wa farasi lina milio miwili, na mgeni hukosea akaihesabu yote, kumbe miwili ni pigo moja. Unahesabu kwa sekunde 15, kisha unazidisha kwa nne: ukipata 16, ni 64, ukipata 17, bado hajapoa.

Mchezo wenyewe umesimama hapo. Njia hugawanywa mizunguko, na kila mzunguko unaishia kwa daktari wa wanyama. Kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kwenye vituo vya katikati mapigo yawe yameshuka hadi 64 kwa dakika ndani ya dakika 15 tangu kufika. Yasiposhuka unatolewa, hata kama umetangulia. Tena katikati ya mbio saa yako inaendelea mpaka umfikishe farasi kwa daktari, kwa hiyo anayeingia mbio na farasi anayehema hupitwa na aliyekuja taratibu.

Kupanda kulikuja baadaye: kusimama kidogo kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vya tandiko, ili mgongo wa farasi upumzike, na mazoezi marefu ya mwendo mdogo mchangani. Mapaja yaliwaka moto, hilo sifichi.

Mbio zangu za kwanza zilikuwa za kilomita 40, za wanaoanza, na mwendo una kikomo. Karibu na kituo tukatembea. Vijana wakalegeza mkanda wa tandiko, wakammwagia farasi maji shingoni na katikati ya miguu penye mishipa mikubwa, wakayapangusa, wakamwagia tena.  Daktari akamfinya ngozi, akambonyeza ufizi, akasikiliza tumbo, akaagiza akimbizwe kidogo aone kama anachechemea. Mapigo 56.

Tulimaliza nyuma ya wengi, lakini tulimaliza. Sasa Ami anataja kilomita 80, nami nimeshanunua suruali isiyo na mshono wa ndani.