Lengo Ambalo Sikulitaja Ndani ya Basi

Mnamo Desemba 2018, shule zikiwa zimefungwa na mji wa Kisumu umejaa watu wanaojiandaa kwenda mashambani kwa Krismasi, nilivuka mpaka wa Kenya kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa na umri wa miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi, na mmoja wa abiria 28 waliopanda basi lililokodiwa na chama chetu cha kuchangiana fedha kwa ziara ya siku 4 nchini Uganda. Tulikuwa tumechanga shilingi 1,000 kila mwezi kwa miezi 15, na mweka hazina wetu alizitunza fedha hizo kwa uaminifu ambao hadi leo namshukuru kwao, kwa sababu vyama kadhaa nilivyowahi kujiunga navyo vilivunjika kabla ya mzunguko wa kwanza kukamilika.

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Tulipita Kisian kukiwa bado giza, tukafika Maseno, mahali barabara inapokatiza mstari wa Ikweta, jua likianza kuchomoza, na kuanzia hapo tukapita Luanda, Yala na Ugunja huku chai ya chupa na mandazi vikipitishwa kutoka kiti hadi kiti. Baada ya kuvuka Mto Nzoia, mwongoza watalii wetu, kijana mchangamfu aliyezaliwa na kukulia Kisumu, alitwaa kipaza sauti akatuambia kwamba mwaka unaisha, hivyo kila mmoja wetu asimame, ataje lengo lake moja la mwaka 2019, na wenzake wote wawe mashahidi.

Wazo lilipokelewa kwa vigelegele. Wa kwanza akasema atamaliza mkopo wa sako, yaani chama cha akiba na mikopo. Wa pili akasema ataezeka nyumba ya wazazi wake huko Bondo kabla ya Pasaka. Mwingine alitaka ng'ombe wa maziwa, mwingine gari dogo la kumpeleka kazini, na mwenyekiti wetu akasema atafungua duka la pili la vitambaa. Kila lengo lilipigiwa makofi, na kwa kweli yalistahili makofi hayo, maana nilizijua nyumba za wenzangu na nilijua jinsi kila shilingi ilivyopatikana. Zamu yangu ilipofika, nilisimama nikiushikilia mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yangu, nikasema kwa sauti imara kwamba ningenunua ploti katika mtaa wa Mamboleo, Kisumu, na kuanza masomo ya shahada ya uzamili. Nikapigiwa makofi kama wengine. Nilipoketi, hata hivyo, nilijihisi kama mwanafunzi aliyeandika jibu sahihi kwa kulichungulia katika karatasi ya jirani yake.

Busia haikutuchelewesha sana. Kituo cha pamoja cha mpakani kilikuwa kimefunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari mwaka huohuo, na kwa kuwa maafisa wa nchi zote mbili huketi katika jengo moja, msafiri anayetoka Kenya hukamilisha shughuli zake zote upande wa Uganda. Tulipanga foleni tukiwa na vitambulisho vya taifa na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Nje, wabadilishaji fedha walitupa takriban shilingi 36 za Uganda kwa kila shilingi yetu moja, nami nikajikuta nimeshika kitita ambacho sikuwahi kukishika nyumbani, ingawa nilijua fika kwamba thamani yake haikuwa imeongezeka hata kidogo. Kutoka hapo tulipita Bugiri na Iganga, tukaingia katika mashamba ya miwa ya Kakira, na alasiri tukawa Jinja.

Asubuhi ya siku ya pili tulikwenda kuona chanzo cha Mto Nile, na hapo ndipo kumbukumbu hii inapoanza hasa.

Kwa miaka 8 nilikuwa nimewafundisha watoto wa darasa la sita Masomo ya Jamii. Nilikuwa nimeandika ubaoni mara nyingi kwamba Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, kwamba sehemu iliyo Kenya ni karibu asilimia 6 tu, na kwamba mito mingi huingia ziwani, ikiwemo Nzoia, Yala, Nyando na Sondu, lakini ni mto mmoja tu unaotoka, nao ni Nile, pale Jinja. Niliyajua hayo kama mtu anavyojua majina ya babu zake ambao hakuwahi kuwaona. Sasa nilikuwa nimesimama juu ya ngazi za kuteremkia majini, na hayo maji, ambayo Kisumu nimezoea kuyaona yametulia na kufunikwa na magugumaji kama shamba la mboga, yalikuwa yakienda. Yalikuwa na haraka, kama mtu aliyekwisha kuaga.

Tuligawanywa katika mashua tatu zenye paa la turubai. Kila mmoja alipewa jaketi la kuokoa maisha la rangi ya machungwa, na langu lilikuwa bichi bado kwa jasho na maji ya aliyelivaa kabla yangu. Lilikuwa na mikanda mitatu. Nilifunga wa kwanza, nikafunga wa pili, lakini wa tatu, wa chini kabisa, kifungo chake hakikutaka kuingia, na vidole vyangu vikaanza kutetemeka kiasi kwamba nilishindwa hata kuona ncha ya mkanda. Wenzangu walikuwa wakipiga picha. Mkono mwembamba wenye mishipa iliyojitokeza ulipita kiunoni mwangu, ukasukuma kifungo hicho mara moja, nacho kikalia ta! Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mkubwa wetu kwa umri katika msafara ule, ambaye sote tulimwita Mama.

Sina budi kueleza woga ule ulikotoka. Nilikulia karibu na ufuo wa Dunga, kando ya ziwa huko Kisumu, mahali ambapo watoto wa kiume huingia ziwani kabla hata hawajajua kufunga kamba za viatu. Mwaka 1997, nilipokuwa na miaka 10 na magugumaji yakiwa yameifunika kwa wingi Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo upande wetu, mjomba wangu, mdogo wake mama, alitoka usiku kwenda kuvua. Mashua yake ilinaswa katika magugu. Alishuka kuikwamua, na miguu yake ikanaswa pia. Walimpata siku ya tatu. Tangu siku hiyo mama yangu alituambia, mimi na dada zangu, kwamba maji ya ziwa tutayaona ndani ya ndoo tu, na kwa miaka 21 nilimtii. Niliwahi kununua samaki ufuoni, nikapiga picha ufuoni, nikawapeleka wanafunzi ufuoni, lakini sikuwahi kuingiza mguu wangu majini zaidi ya kifundo.

Mashua iliondoka. Nahodha, mtu wa makamo wa kabila la Wasoga aliyezungumza Kiswahili cha taratibu na adabu nyingi, alituonyesha minandi waliokausha mbawa zao juu ya matawi, na kenge aliyelala juu ya jiwe bila kujali kelele zetu. Alitueleza kwamba Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo Julai 1862 na kuyaita maporomoko aliyoyaona jina la Ripon. Wazee wa nahodha walikuwa wakivua samaki hapo kabla Speke hajazaliwa, na niliona vizuri kwamba alilitaja hilo mwenyewe bila kuulizwa. Kisha akazima mashine kidogo, akanyoosha kidole chini.

"Maporomoko yenyewe yako hapa, chini yetu," akasema. "Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, maji yalipanda yakayafunika. Hayakuondoka. Yamefunikwa tu."

Akaongeza kwamba tone la maji linalopita hapo huchukua kama miezi 3 kufika bahari ya Mediterania. Watu wakaguna kwa mshangao. Mimi nilikuwa nimeushika ubao wa benchi kwa mikono miwili, macho yangu yakiwa ukingoni, ambako msichana wa miaka 8 au 9, aliyekuwa ameacha sufuria zake juu ya jiwe, alijitupa majini akiwa amevaa sketi kuukuu ya shule, akapotea, kisha kichwa chake kikachomoza mbali kuliko nilivyotarajia. Alijigeuza chali, akatazama juu, na maji yakambeba. Hakuwa akijionyesha kwa mtu yeyote. Alipumzika tu, kama mtu aliyelala kitandani kwake.

Sikujua kwamba nalia mpaka Mama aliponipa leso yake ya mkononi.

"Mwalimu," akaniuliza polepole, ili wengine wasisikie, "wewe si mtoto wa Dunga?"

"Ndiyo, Mama."

"Hujui kuogelea?"

"Sijui, Mama."

Alinyamaza kidogo. Nilitarajia anipe pole, au aniambie niwaambie watoto wangu wajifunze, kama watu wanavyosema. Badala yake akauliza, "Na ungependa kujua?"

Katika miaka yangu yote 31 hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Niliulizwa nitaolewa lini, nitajenga lini, nitapandishwa cheo lini. Nilijibu, "Ningependa sana," na neno hilo moja lilinitoka kwa uzito kuliko ploti na shahada nilizozitangaza kwenye kipaza sauti.

"Basi mbona jana hukulitaja?"

"Nilidhani si lengo, Mama. Halina faida kwa mtu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameongoza shule kwa miaka mingi, na nadhani alikuwa amezisikia sababu za kila aina. Hakunijibu. Alichofanya ni kuinama ubavuni mwa mashua, akachota maji kwa kiganja chake, akayamimina juu ya mkono wangu, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole. Yalikuwa na joto kidogo. Nilishangaa, maana kwa miaka yote niliyafikiria kuwa baridi.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, nilifungua daftari ninaloandikia malengo yangu kila mwaka. Nililisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, huku mwenzangu tuliyeshiriki chumba akiwa amelala chini ya chandarua. Kando ya kila lengo nikaandika kwa penseli jina la mtu ambaye sauti yake niliisikia nilipolisoma. Ploti ilikuwa sauti ya shangazi yangu. Shahada ya uzamili ilikuwa ya mwalimu mwenzangu tuliyehitimu pamoja, ambaye alikuwa amekwisha kuipata. Kuhamia shule ya mjini kulikuwa ni kwa mume wa dada yangu. Siwalaumu hata kidogo; walinitakia mema, na ploti ni kitu chema. Lakini katika kurasa 6 zilizojaa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuta mistari miwili tu ambayo sikuweza kuiandikia jina la mtu mwingine: kupanda mti wa mparachichi nyumbani kwa mama, jambo nililokwisha kulitimiza, na kuiona Uganda. Chini yake nikaandika neno moja, kuogelea, bila tarehe na bila makadirio ya gharama, ingawa kawaida yangu ni kuandika vyote viwili.

Kampala nitaipita haraka. Tulivuka Nile kwa daraja jipya lenye urefu wa mita 525, ambalo lilikuwa na miezi 2 tu tangu lifunguliwe, tukala kuku wa kuchoma kwenye vijiti karibu na msitu wa Mabira, na tukapanda mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala kuvitazama vilima vya mji. Yote yalikuwa mazuri. Nilinunua rolex mara tatu, ile chapati inayoviringishwa na mayai, na nikawanunulia dada zangu vitenge. Mawazo yangu, hata hivyo, yalikuwa yamebaki Jinja.

Tuliporudi, nilikwenda Dunga kumsalimia mama kabla hata ya kufua nguo za safari. Nilimkuta uani akipaa samaki. Nilimpa kitenge chake, nikamweleza habari za mpaka na za daraja, kisha nikamwambia, nikiwa nimesimama kama mtoto aliyevunja chombo, kwamba mwezi Januari ningeanza kujifunza kuogelea katika bwawa la hoteli moja mjini.

Kisu chake kilisimama. Magamba yalikuwa yamemng'ang'ania kwenye vidole, na alikaa akiyatazama kwa muda mrefu. Nilijua anamwona nani.

"Atakayekushika ni nani?" akauliza hatimaye.

Nikamwambia ni mwalimu wa kike, na kwamba upande wa kuanzia maji yake hayanifiki kifuani. Akaniuliza kama nina hakika kuhusu kina hicho. Nikamwambia nimekwenda kuona kwa macho yangu. Aliosha mikono yake katika beseni, akaingia ndani, na nikasikia sanduku lake la bati likifunguliwa. Alipotoka alikuwa ameshika leso ya kujifunga, ya zamani, iliyopauka, laini kwa kufuliwa, na akaniwekea begani.

"Ya kujikaushia," akasema, akarudi kwa samaki wake.