Jinsi nilivyopata chumba kwenye hoteli ya twiga

Mama watoto aliitaka ile hoteli ya Lang'ata, Nairobi, ambako twiga huingiza shingo dirishani watu wakinywa chai. Kila tarehe niliyojaribu, vyumba vimejaa. Kosa lilikuwa langu: nilitaka siku tatu, wikendi, Agosti, watalii wamefurika. Nikaomba upya: usiku mmoja tu, Jumanne au Jumatano, mwezi wa Mei masika yakinyesha, na jina langu liwekwe kwenye orodha ya kungoja. Kisha kila Jumatatu asubuhi napiga simu (dada wa mapokezi alishaijua sauti yangu). Wiki ya tatu, mtu akaghairi. Nililipa papo hapo, ndipo nikakata tiketi za treni ya SGR kutoka Miritini, Mombasa. Bei? Usiniulize mbele ya mama watoto.