Nilivyoishi na kuona viwili viwili

Mi ni fundi cherehani hapa Moshi, Majengo. Saratani ya titi ilinipata 2019, nikakatwa, nikamaliza kemo, zile dawa za saratani, nikajua yameisha. Sasa mwaka jana asubuhi moja mlima Kilimanjaro umefunguka vizuri naangalia juu kileleni naona Kibo mbili zimekaa pamoja, nikacheka kwanza, nikajua ni usingizi. Ajabu sindano ya cherehani naiona moja tu, karibu hakuna shida, ila mtu akitokea mbali anakuja na pacha wake. Nikaenda duka moja la miwani nikauziwa miwani ya elfu themanini, haikusaidia chochote.

Hospitali ya KCMC, dokta wa macho alinifunika jicho moja kwa kiganja tu pacha akapotea, halafu akaniuliza, mama, hilo titi ulitibiwa lini? Hapo moyo ukapiga paa. CT skani ikaonyesha ugonjwa umefika kwenye mfupa chini ya ubongo, unabana mshipa wa fahamu unaovuta jicho la kushoto kwenda nje, yaani jicho lenyewe ni zima ila halivutwi. Nililia jamani. Nikapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, mionzi siku 10, pamoja na vidonge vya deksamethasoni, vya kupunguza kuvimba, ambavyo vinatia njaa sijawahi ona, saa nane usiku nakula kiporo cha makande.

Nyumbani kilichoniokoa ni plasta. Niliibandika kwenye kioo kimoja cha ile miwani ya elfu themanini (angalau ikapata kazi), leo kushoto kesho kulia. Shida ni kwamba ukifunika jicho moja hujui kitu kiko umbali gani, wiki ya kwanza chai yote namwagia meza mpaka nikajifunza mdomo wa chupa uguse kikombe kwanza ndo unamimina. Ngazi nashika ukuta. Barabara kubwa sivuki mpaka mtoto wa dada anishike mkono, "mamdogo subiri, haya mamdogo twende", utadhani mi ndo mtoto.

Kama wiki sita baada ya mionzi pacha wakaanza kusogeleana. Sasa hivi nikiangalia mbele naona kimoja, kushoto bado viwili, kwa hiyo nageuza kichwa kizima, na cherehani nimeihamisha mlango uwe mkono wangu wa kulia, wateja waingie mmoja mmoja.